Pikipiki iliyotumika: Hati kwanza, injini baadaye

Anayenunua pikipiki iliyotumika nchini Kenya, mathalani Bajaj Boxer, sharti aanze na logibuku. Nambari ya injini na ile ya fremu, ambayo kwa kawaida huchongwa karibu na usukani, lazima zilingane na zilizomo humo. Jina la mkopeshaji likiwa kando ya la muuzaji, huenda deni halijaisha, na pikipiki yaweza kutwaliwa kutoka kwa mnunuzi.

Kisha injini iwashwe ikiwa baridi. Moshi wa samawati huashiria kuwa oili inaungua ndani. Mnyororo uliolegea na meno ya sproketi yaliyochongoka ni sababu ya kupunguziwa bei.

Malipo yasikamilishwe kabla ya umiliki kuhamishwa kupitia NTSA. La sivyo, kisheria pikipiki hubaki kwa jina la muuzaji, naye huweza kuandamwa kwa makosa ya mwendeshaji mpya.