Somo la Historia: Konokono Watatu wa Miami

Wekeni daftari na kalamu tayari.

Leo tutasimulia habari za mnyama mnayemjua, yule konokono mkubwa alaye mboga bustanini wakati wa mvua. Kwao ni hapa kwetu, Afrika ya Mashariki. Lakini sasa yuko India, visiwa vya Pasifiki na hata Amerika. Je, mwenda polepole huyu alifikaje huko? Alichukuliwa na watu.

Kwanza alivushwa bahari mpaka Mauritius. Mwaka 1847 Mwingereza aitwaye Benson, mtaalamu wa konokono, aliwachukua wachache kutoka Mauritius akawaachilia bustanini Calcutta, India. Wakaenea. Mwaka 1936 waliingia Hawaii. Mwaka 1966 mtoto mmoja aliwatoa watatu Hawaii akawapeleka Miami, Marekani. Bibi yake akawatupa bustanini. Baada ya miaka saba wakapatikana zaidi ya 18,000!

Msishangae. Kila konokono ni dume na jike pamoja, na kwa mara moja huweza kutaga mayai zaidi ya 100.

Sasa fikirini. Maelfu yale yote yalikuwa wazao wa watatu. Walikuwa wengi, lakini ukoo wao mmoja. Mtu akichukua punje tatu katika kikapu cha maharagwe ya rangi nyingi, hawezi kuondoka na rangi zote. Wataalamu walipowapima konokono wa nchi mbalimbali waliona vivyo hivyo: huku kwetu na katika visiwa vya Bahari ya Hindi koo zao ni nyingi, ugenini, mahali pengi, ni ukoo mmoja tu. Kwa hiyo damu ya konokono hutuonyesha njia waliyopita, hata kama hakuna aliyeiandika.

Watu wa Miami walitumia zaidi ya dola milioni moja kuwaangamiza, wakashinda mwaka 1975. Lakini mwaka 2011 konokono hao walionekana tena mjini humo, ikabidi kazi ianze upya.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Basi afisa wa forodha akikagua mche au udongo mzigoni mwako, usimkasirikie. Analinda shamba la mtu.

Maswali ya kujibu:
1. Konokono huyu kwao ni wapi?
2. Benson alifanya nini mwaka 1847?
3. Kwa nini konokono wa ugenini ni wengi, lakini koo zao ni chache?

Kwaherini mpaka somo lijalo.