Mzigo wa Krismasi: Kutoka Rupia 3 Hadi Karo ya Shule

Kila mwaka, wiki moja kabla ya Krismasi, steji ya teksi ya Ntinda hubadilika sura. Watu hujaa na mabegi, mikate, sukari, sabuni na nguo mpya za watoto. Nauli hupanda, na anayelalamika huambiwa ashuke. Wengi wetu tunaoishi Ntinda si wenyeji wa hapa. Ukimuuliza mtu kwao ni wapi, atakutajia Masaka, Mbale, Gulu au Kabale. Krismasi ndiyo siku ya kurudi huko, na kurudi mikono mitupu ni aibu. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba msongo wa mawazo unaowapata watu msimu huu una historia, na kwamba njia za kuupunguza nazo zina historia yake.

Sikukuu yenyewe si ya zamani sana kwetu. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na wa Kikatoliki mwaka 1879. Mzigo wa fedha, hata hivyo, ulipitia mlango mwingine. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliweka kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka. Rupia haioti shambani pamoja na ndizi, kwa hiyo watu walilazimika kulima pamba ya kuuza au kutafuta kazi ya mshahara. Wanaume wa Kigezi, West Nile na Ruanda-Urundi walisafiri hadi Buganda kutafuta kazi hizo. Ndivyo mtu alivyoanza kuwa na makazi mawili: anapofanyia kazi, na kwao. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, mji ulizidi kuvuta watu. Kwa maoni yangu, mzigo wa sikukuu ulizaliwa katika mwachano huo. Aliyekaa mjini mwaka mzima alipaswa kuonyesha, kwa siku chache tu za kurudi, kwamba mwaka wake haukupotea bure.

Jambo hili sikulielewa darasani. Nililielewa nyumbani, Desemba 2021. Shule zilikuwa zimefungwa, kikamilifu au kwa sehemu, tangu Machi 2020 kwa sababu ya korona, na serikali ilikuwa imetangaza kwamba zingefunguliwa tarehe 10 Januari 2022. Mama yangu anauza mboga katika soko la Ntinda. Biashara yake ilikuwa imeyumba karibu miaka miwili, na sasa Krismasi na karo ya watoto watatu vilikuwa vinamjia ndani ya wiki chache. Akawa halali. Alitufokea kwa mambo madogo, kisha akawa hazungumzi kabisa. Jjajja, mama yake, alipopiga simu kutoka Mukono kuuliza tutafika lini, Mama aliiangalia simu ikilia mpaka ikanyamaza. Alifanya hivyo siku nne mfululizo. Mimi nilimwona kama mtu aliyeichukia familia yake.

Siku ya tano, Jjajja alifika Ntinda mwenyewe, akidhani binti yake ni mgonjwa. Alipoambiwa ukweli, hakumlaumu. Aliuliza tu, "Mwanangu, ulidhani ninangojea mkate?" Kwa kuwa amri ya kutotoka nje ilianza saa moja jioni, alilazimika kulala kwetu, na usiku huo ndipo nilipoisikia historia ya sukari.

Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Viwanda vya sukari vya Lugazi na Kakira, vilivyokuwa mali ya familia za Mehta na Madhvani, vilidhoofika vibaya katika miaka iliyofuata. Sukari, chumvi na sabuni vikawa adimu. Maneno mawili ya Kiswahili yakaenea katika mazungumzo ya Waganda: magendo, yaani biashara ya kichinichini, na mafutamingi, yaani wale waliotajirika ghafla. Jjajja aliishi Mukono, si mbali na Lugazi kwenyewe, lakini kikombe cha chai ya sukari kilikuwa ndoto. Alisimulia kwamba yeye na majirani wawili waliwekeana kopo moja. Kuanzia Septemba, aliyepata sukari alitia humo kijiko kimoja kimoja. Siku ya Krismasi kopo lilifunguliwa mbele ya wote watatu, na chai ikanywewa pamoja. "Hakuna aliyejifanya anayo," alisema. "Kila mtu alijua kopo lina kiasi gani."

Sentensi hiyo ndiyo kiini cha hoja yangu. Kodi ya 1900, uhaba wa miaka ya 1970 na kufungwa kwa shule havikusababishwa na uzembe wa mtu mmoja mmoja. Lakini kila mara mtu mmoja mmoja ndiye aliyebaki akijihesabu kuwa ameshindwa. Kopo la Jjajja halikuleta sukari nyingi. Liliondoa siri. Vikundi vya akiba vya wanawake sokoni leo hufanya kazi hiyo hiyo: mwanachama huweka kidogo kidogo mwaka mzima, na wenzake wanajua ana nini na hana nini.

Sitaki kudai kwamba kusema ukweli hulipa karo. Mwaka ule fedha za kikundi cha Mama zilitosha malipo ya kwanza tu ya watoto wawili, na mdogo wetu alichelewa kuanza shule. Krismasi tulikwenda Mukono na kilo moja ya nyama tuliyonunua kwa kuchanga na jirani. Matoke yalikuwa ya shamba la Jjajja. Mama alilala mchana kutwa kwenye mkeka, usingizi wa kwanza wa maana niliouona kwa wiki nyingi, na Jjajja akatukataza kumwamsha hata chakula kilipoiva.

Tangu hapo tuna desturi. Mwanzoni mwa Desemba Mama humpigia Jjajja, humwambia kiasi alicho nacho, kisha Jjajja hutaja kilichopo shambani. Baada ya hapo ndipo tunapopanga safari.