Wakanda ni Wakamba? Tuipime hiyo hoja

Marvel walitoa katuni yao Eyes of Wakanda tarehe 1 Agosti 2025, na utani wa tangu enzi za Black Panther ukarudi kwa kishindo: "Wakanda si ndio Wakamba?" Herufi mbili tu zimebadilishwa, watu husema, kwa hiyo ile nchi ya vibranium iko Kitui na lango lake liko Makueni. Wengi hucheka wakisema hivyo. Wapo wasiocheka.

Leo tuipime hoja hii kama tunavyopima programu kabla ya kumpa mteja. Nitakwambia mapema kwamba hoja yenyewe ni dhaifu. Lakini ukiifuata ilikotoka utakuta kisa ambacho Marvel hawajakigusa. (Onyo: nitataja kidogo yaliyomo ndani ya katuni. Kama hujaiona, soma jicho moja likiwa limefumba.)

KATUNI YENYEWE

Ni vipande vinne tu, kila kimoja kama nusu saa. Aliyeiunda ni Todd Harris, na Ryan Coogler, mwongozaji wa filamu za Black Panther, ni mmoja wa watayarishaji wakuu. Inahusu Hatut Zaraze, wapelelezi wa Wakanda wanaotumwa nje kurudisha vitu vya vibranium vilivyotoroshwa. Tunaanza Krete mwaka 1260 KK, tunakwenda kwenye vita vya Troya, kisha China ya mwaka 1400 hivi, na tunamalizia Ethiopia mwaka 1896, mwaka ambao Waethiopia waliwashinda Waitalia kule Adwa.

Mashabiki walipokeaje? Uchoraji ulisifiwa sana. Lalamiko kubwa lilikuwa ufupi: ukishampenda mhusika, kipande kimekwisha na tumeruka miaka elfu. Huku kwetu kulikuwa na lalamiko jingine, kwamba huduma ya Disney+ ilikuwa haijafunguliwa rasmi nchini Kenya katuni ilipotoka. Nchi ya kubuni ambayo filamu za Marvel zimeichora karibu na Ziwa Turkana, na majirani zake halisi hawawezi kununua tiketi ya mlangoni!

Mimi nina langu la tatu. Wapelelezi wanafika mpaka China, lakini pwani yetu hawaigusi. Haya, mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifikisha twiga kwa mfalme wa China. Twiga mzima, akiwa hai, kwa jahazi. Huhitaji vibranium kutengeneza kipande cha katuni hapo.

JARIBIO LA HERUFI

Sisi waandishi wa programu tuna hesabu ya kupima maneno mawili yanavyofanana: unahesabu ni herufi ngapi lazima zibadilishwe, ziongezwe au zifutwe ili neno moja liwe jingine. Ndiyo inayofanya simu yako ikusahihishe unapokosea kuandika.

Wakanda hadi Wakamba: n inakuwa m, d inakuwa b. Jibu ni 2. Vizuri sana, mashabiki wanashangilia.

Sasa jaribu Waganda. Wakanda hadi Waganda: k inakuwa g. Jibu ni 1!

Kwa kipimo hicho hicho, Kampala inaishinda Kitui. Hapo ndipo hoja inapovunjika. Kufanana kwa maneno si ushahidi wa ukoo, na lugha zetu za Kibantu zina maelfu ya maneno yanayoanza na wa- yakiwa na "nd" au "mb" katikati. Mtego huu ni rahisi mno kuuingia.

Wakanda ilionekana mara ya kwanza katika kitabu cha vibonzo Fantastic Four, toleo la 52, Julai 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Kuhusu jina, dhana ni kadhaa. Kuna Wakanda au Wakonda, jina la nguvu kuu ya kiroho kwa watu wa asili wa Marekani kama Waomaha. Kuna Edgar Rice Burroughs, yule wa Tarzan, ambaye hadithi yake The Man-Eater, iliyotoka gazetini mwaka 1915, ina kabila la kubuni liitwalo Wakanda. Na kuna Wakamba wetu. Hakuna dhana iliyothibitishwa.

Lakini mtazame huyo Burroughs. Kabila rafiki la Tarzan aliliita Waziri. Wewe na mimi tunajua waziri ni nani, na hakai msituni na mkuki. Bwana huyu alikuwa anaokota sauti za Kiswahili na kuzibandika kwenye makabila ya kubuni. Je, sauti hizo zilifikaje Marekani?

NANI ALIANDIKA "WAKAMBA"?

Wenyewe hawajiiti Wakamba. Mmoja ni Mukamba, wengi ni Akamba, lugha ni Kikamba. Wakamba ni neno la Kiswahili. Wazungu wa karne ya 19 walilitumia kwa sababu waliingia bara kutokea pwani, wakiongozwa na watu wanaosema Kiswahili. Mjerumani Johann Maria Hildebrandt alifika Kitui mwaka 1877, na alipochapisha maelezo yake mwaka uliofuata aliwaita Wakamba kwenye kichwa cha habari. Msweden Gerhard Lindblom, aliyekuja zaidi ya miaka 30 baadaye na kujifunza Kikamba, kitabu chake kinasema Akamba. Tazama kiambishi na utajua mwandishi alipitia mlango gani.

Na njia hiyo ya pwani hadi bara, nani aliifungua? Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Ukambani kuna ukame. Mvua ikikosa, watu wa Kitui na wa milima ya Mbooni kule Makueni walisafiri kwenda kubadilishana mali kwa chakula kwa majirani. Safari hizo waliziita kuthuua. Kutokana na ujuzi huo wa njia walipanda ngazi. Kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara yao ya mamia ya watu ilikuwa inateremsha pembe za ndovu hadi Mombasa, kabla misafara ya Waswahili na Waarabu haijaishika biashara hiyo.

Mkubwa wao aliyejulikana zaidi ni Kivoi wa Kitui. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa Rabai, alikwenda kwake mwaka 1849, na Kivoi akamweleza habari za mlima mweupe kileleni. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa upande wa Kitui, Krapf aliuona. Akaandika jina kama alivyolisikia kwa wenyeji wake Wakamba: Kenia. Kwa Kikamba jina hilo huelezwa kuwa la mahali pa mbuni, kwa sababu mlima una weusi na weupe kama manyoya ya mbuni dume. Wakikuyu waliuita Kirinyaga. Lakini kilichoingia kwenye ramani ni kile kilichosikika Kitui, na mwaka 1920 koloni zima likapewa jina la mlima.

Unaona sasa? Mashabiki wanabishana kama Ukambani iliipa jina nchi isiyokuwepo. Jina la nchi iliyopo, lililo kwenye pasipoti yako, lilipitia Kitui!

Kivoi aliuawa mwaka 1851 msafara wake uliposhambuliwa karibu na mto Tana. Krapf alikuwa naye, akaokoka kwa shida.

KUJIFICHA NA KUTOKA

Wakanda ya Marvel ni nchi inayoendelea kwa sababu imejificha. Wanaotoka ni wapelelezi, na wanatoka ili kurudisha vitu ndani na kufunga mlango. Ukambani ni kinyume kabisa: watu waliishi kwa sababu walitoka, wakajua njia, wakajifunza lugha za majirani. Kama unataka Wakanda ya Kitui, ujue ni Wakanda isiyo na ukuta. Mimi naiona ni hadithi nzuri zaidi, na haijachorwa.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo katuni imelipata sawasawa: vitu vilivyo nje. Mradi wa International Inventories Programme, ambao Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalishiriki, uliorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi 30 za Ulaya na Marekani. Hatut Zaraze wa kweli, basi, walikuwa watu wenye majedwali na hifadhidata. Huwezi kudai kurudishiwa kitu usichojua kiko rafu gani.

Hapa msomaji wa Wote au Mwingi anaweza kufanya kitu leo, akiwa na simu tu. Makumbusho mengi makubwa, kama British Museum, yana katalogi za mtandaoni za bure. Lakini usitafute neno moja. Mashine haijui kwamba Akamba na Wakamba ni watu wale wale. Inalinganisha herufi tu, kama tulivyoona. Tafuta Kamba, Akamba, Wakamba, Ukamba, Ukambani, Kitui, Kikumbulyu, Machakos na hata Machako's yenye alama ya mkato juu, maana ndivyo wakoloni walivyoandika. Makueni kama wilaya ilitengwa na Machakos mwaka 1992 tu, kwa hiyo kitu cha Mbooni au Nzaui kinaweza kuandikwa Machakos.

Ukikuta kigoda, mkufu wa shaba au kibuyu kilichotoka kijijini kwenu, andika namba yake ya usajili, kisha muulize mzee wa nyumbani kinaitwaje kwa Kikamba. Jina hilo mara nyingi ndilo halimo kwenye katalogi.