Tahadhari: Neno la Kutolewa na Kuchukuliwa

Taarifa ya hali ya hewa redioni huja mwisho, baada ya michezo, wakati nusu ya nyumba imeshanyanyuka kwenda kunawa. Msomaji anasema angalizo la mvua kubwa limetolewa kwa baadhi ya maeneo ya mikoa ya Lindi na Mtwara. Uwezekano wa kutokea ni wastani, kiwango cha athari ni wastani. Msikilizaji wa Njinjo, kando ya Mto Matandu wilayani Kilwa, analijua kila neno hapo. Bado anabaki na swali moja: sasa nifanye nini?

Swali hilo ndilo linalonirudisha kwenye istilahi yenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, iliyokuwa Wakala tangu 1999 kabla ya kupandishwa kuwa Mamlaka mwaka 2019, hutoa utabiri wa hali mbaya ya hewa wa siku tano kwa ngazi tatu. Ya chini ni angalizo, nayo hupakwa rangi ya njano. Inayofuata ni tahadhari, yenye rangi ya chungwa. Ya juu ni tahadhari kubwa, nyekundu. Siku isiyo na hatari hubaki ya kijani, na chini yake huandikwa: HAKUNA TAHADHARI.

Wafasiri walikuwa na kazi ya kutafuta maneno ya kusimama badala ya advisory na warning za Kiingereza. Angalizo ni zao la nyumbani kabisa: kutoka angalia tunapata angaliza, yaani kumfanya mtu aangalie, na kutoka hapo angalizo, kama agizo lilivyotoka kwenye agiza. Neno hili halimtishi mtu. Linamgusa bega na kumwambia, tazama kule.

Tahadhari ina ukoo mwingine. Imetoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi uliotupa pia hadhari na jihadhari, na isichanganywe na hadhara ya watu, ambayo kwa Kiarabu huandikwa kwa herufi nyingine, dhadi, na haihusiani nayo. Kwa Kiswahili tahadhari ni nomino na ni kitenzi pia: mtu hutahadhari, na mwenye habari humtahadharisha mwenzake. Jambo la kutazama zaidi ni vitenzi inavyofuatana navyo. Ofisi hutoa tahadhari. Mwananchi huchukua tahadhari. Kiingereza kinahitaji maneno mawili hapo, warning kwa kile kinachotolewa na precaution kwa kile kinachofanywa. Sisi tuna moja, lenye ncha mbili, na ncha moja ikikosekana neno limevunjika. Tahadhari iliyotolewa bila kuchukuliwa ni sauti ya redio tu.

Wapo wanaoliona hilo kama udhaifu wa istilahi, kwamba neno la kitaalamu lisibebe maana mbili. Mimi naona ndiyo nguvu yake. Wazee walishalisema kwa kipimo: tahadhari kabla ya athari. Na athari nayo, kwa asili yake ya Kiarabu, ni alama inayobaki baada ya jambo kupita. Ukitaka kuiona kwa macho, ingia nyumba ya udongo iliyopitiwa na mafuriko. Maji yakishuka huacha mstari wa tope ukutani, umenyooka kama uliopigwa kwa uzi wa fundi. Juu yake ukuta ni ule wa zamani. Chini yake umevimba na udongo unamomonyoka kwa kuguswa na kidole. Hiyo ndiyo athari.

Tuje kwenye mvua kubwa, kwa kuwa hapo ndipo neno la kila siku na neno la ofisini hupishana. Kwa mkulima mvua kubwa ni ile inayomfukuza shambani. Kwa Mamlaka ni mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Weka uwanjani chombo chenye kuta wima. Mvua hiyo itasimama ndani yake sentimita tano, vidole vitatu tu. Atakayeambiwa vidole vitatu atacheka. Lakini milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Paa la bati la mita sita kwa nane litakuwa limepokea lita 2,400, ndoo kubwa 120. Ekari moja ya mpunga itakuwa imemwagiwa ndoo zaidi ya 10,000. Na hapo hatujagusa jirani, wala kilima kilicho nyuma ya jirani, ambacho maji yake yote yanatafuta bonde.

Kilwa, kama Mkoa wote wa Lindi, hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, Novemba hadi Aprili. Ndizo zinazoitwa mvua za msimu, tofauti na vuli na masika za pwani ya kaskazini. Katikati ya msimu huo ndipo ngurumo zinapokolea. Wingu la radi ni jembamba: linaweza kulowesha kitongoji kimoja wakati cha pili kimeanika nguo. Ndiyo sababu ya lile neno baadhi katika taarifa. Mtabiri haogopi kusema ukweli; ukweli wenyewe ni wa vipande. Ila Mkoa wa Lindi ni zaidi ya mara mbili ya Rwanda, na mtu akisikia baadhi ya maeneo, moyo wake humwambia ni kwa wengine.

Mwishoni mwa Januari 2020 Njinjo ilikuwa miongoni mwa hayo baadhi. Matandu ilitoka kingoni, ikaingia vijijini na mashambani. Wilayani Kilwa watu walipoteza maisha, na maelfu wakaachwa bila makazi. Hapa pana somo ambalo neno mvua linalificha. Matandu hukusanya maji kutoka mbali bara, upande wa Liwale, kisha huyaleta Njinjo yakiwa njiani kwenda baharini karibu na Kilwa Kivinje. Mtu wa Njinjo anaweza kulala chini ya nyota na kuzungukwa na maji ya mvua ambayo hakuisikia ikinyesha. Kwake hatari haitoki juu. Inatoka upande ambako mto unatokea.

Kwa hiyo utabiri unaotaja athari, na si milimita pekee, ni hatua nzuri. Unaposema makazi yanaweza kuzungukwa na maji, unazungumza lugha ya kijiji. Lakini hatua ya mwisho bado inatembea kwa miguu. Zamani ilikuwa mbiu, na la mgambo likilia watu walijua kuna jambo. Leo ni mtendaji wa kijiji, kipaza sauti cha msikiti, na simu ya ndugu aliye juu ya mto anayepiga kusema, huku maji yamepanda. Simu hiyo haina rangi ya njano wala ya chungwa. Ina kitu kimoja ambacho taarifa ya mkoa haina: inamtaja anayeambiwa kwa jina.

Ningeomba marekebisho madogo mawili. Kwanza, neno wastani lipumzishwe. Katika utabiri wa msimu, mvua za wastani ni mvua za kawaida, habari njema. Katika jedwali la hatari, athari za wastani ni nyumba kuzungukwa na maji. Neno moja lisimpongeze mkulima Novemba na kumtisha Januari. Kwenye jedwali, kati lingetosha. Pili, yale maandishi ya siku ya kijani yaandikwe kwa ukamilifu: Hakuna tahadhari iliyotolewa. Hiyo ni ncha ya ofisi, nayo inaweza kupumzika.

Ncha ya pili haina siku ya kijani kwa anayelima bonde la Matandu. Yeye huitazama rangi ya maji asubuhi anapokwenda kuchota. Yakigeuka mekundu na kuanza kubeba magogo, gunia la mpunga hupandishwa darini na watoto hupelekwa kulala kwa shangazi kilimani, redio iwe imesema au haijasema.