Mhadhiri Asiyekusikia

Ukiwa na simu, data kidogo na saa moja ya kukwama kwenye msongamano wa Thika Road, unaweza kukaa darasani Chuo Kikuu cha Yale bila kulipa karo. Kozi ya historia ya Ulaya kuanzia 1648 hadi 1945 iko pale, mihadhara 24, imerekodiwa mbele ya wanafunzi mwaka 2008. Profesa ni John Merriman. Anatembeatembea, anatania, anaacha mada kidogo kukusimulia habari za kijiji fulani cha Ufaransa, kisha anarudi. Merriman alifariki mwaka 2022, lakini bado anafundisha kila siku, na huenda ana wanafunzi wengi sasa kuliko alivyowahi kuwa nao akiwa hai.

Wengi wetu tumeanza kujifunza historia ya dunia hivi. Ile ya sekondari tuliisoma kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulipoisha tukaiacha pale pale kwenye dawati. Halafu jioni moja unajikuta ndani ya matatu unasikiliza mtu akieleza jinsi Roma ilivyoanguka, hakuna anayekusimamia, hakuna alama, na bado unataka kujua kilichofuata. Hiyo ni neema, na sitaki kuibeza.

Lakini kuna jambo moja ambalo kila anayesoma kwa njia hii anapaswa kulijua mapema. Mhadhiri wa kwenye rekodi hakusikii. Darasani mtu akisema jambo lisilokuingia akilini unainua mkono, na hata usipoinua, atakuona umekunja uso. Kwenye rekodi anaendelea tu. Swali linabaki na wewe, na usipolifanyia kazi linakufa, kisha jibu lake yeye linakuwa jibu lako.

Kujifunza kwa kusikiliza hakukuanza na YouTube. BBC ilianzisha mihadhara yake ya Reith redioni mwaka 1948, na wa kwanza kuitoa alikuwa mwanafalsafa Bertrand Russell. Mwaka 1971 Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianza kuwafundisha watu wenye kazi na familia kwa vitabu vya posta, redio na televisheni. Mwaka 1990 Mmarekani Thomas Rollins alianzisha kampuni ya kuuza mihadhara ya vyuo vikuu kwenye kanda, ambayo leo inajulikana kama The Great Courses. MIT ilitangaza mwaka 2001 kwamba itaweka masomo yake kwenye intaneti bure, na mwaka 2007 Yale ikaanza kutoa video za kozi nzima nzima.

Na kwetu pia sikio ni shule ya zamani. Pwani watu walikaa darsa msikitini, na baadaye kanda za mawaidha zikazunguka mitaani kutoka nyumba hadi nyumba. Bara, historia ya ukoo ilikuwa kinywani mwa wazee. Tofauti ni kwamba huyo mzee uliweza kumkatiza: "Guka, lakini jana ulisema ni kaka yake aliyeondoka kwanza."

Sasa turudi mwaka 1963. Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford na mmoja wa wanahistoria maarufu zaidi Uingereza wakati huo, alitoa mihadhara Chuo Kikuu cha Sussex kuhusu kuinuka kwa Ulaya ya Kikristo. BBC ikairusha kwenye televisheni. Humo ndani alisema, kwa maana yake, kwamba pengine siku zijazo kutakuwa na historia ya Afrika ya kufundishwa, ila kwa sasa kuna historia ya Wazungu waliokuja Afrika tu, na kwingine kote ni giza. Kenya ilipata uhuru Desemba mwaka huo huo. Yaani wakati watu hapa wanajiandaa kupandisha bendera, mamilioni ya sebule kule zingeweza kumsikia msomi mkubwa akiwaambia kwamba watu hawa hawana jana.

Mtazamaji aliyekuwa sebuleni angefanya nini? Hakuwa na pa kuinulia mkono. Sauti ilikuwa tulivu, Kiingereza kilikuwa safi, cheo kilikuwa kikubwa. Na cheo kinaweza kudanganya hata mwenye nacho: mwaka 1983 Trevor-Roper huyo huyo alithibitisha kwamba shajara fulani ziliandikwa na Hitler mwenyewe. Siku chache baadaye vipimo vikaonyesha ni za kughushi.

Jibu kwa mhadhara wa 1963 lilichukua miaka mingi, na Wakenya wawili walibeba sehemu kubwa ya mzigo. Wa kwanza ni Bethwell Ogot. Wakati ambapo wasomi wengi walishikilia kwamba bila karatasi hakuna historia, alikwenda kwa wazee, akakusanya masimulizi yao, akalinganisha vizazi na vizazi, na mwaka 1967 kitabu chake kuhusu historia ya Waluo wa kusini kikatoka. Baadaye aliongoza kamati ya kimataifa ya kisayansi ya UNESCO iliyosimamia Historia Kuu ya Afrika, kazi iliyoanzishwa 1964, ikafika juzuu nane na kushirikisha zaidi ya wataalamu 230. Juzuu ya tano aliihariri yeye.

Wa pili ni Ali Mazrui wa Mombasa. Mwaka 1979 BBC ilimpa kiti kile kile cha Reith, na akatoa mihadhara sita kuhusu hali ya Afrika. Mwaka 1986 akaja na mfululizo wa televisheni wa sehemu tisa, The Africans, uliooneshwa Uingereza na Marekani. Wakubwa wengine hawakufurahi. Shirika la serikali ya Marekani lililochangia fedha, likiongozwa wakati huo na Lynne Cheney, lilitaka jina lake liondolewe kwenye filamu, kwa madai kwamba Mazrui anailaumu sana Magharibi. Ona basi: mmoja aliita bara zima giza, mwingine akajibu kwa hoja, na ni huyu wa pili aliyeambiwa ana upendeleo.

Utasema hayo ni ya kale, siku hizi mambo yamebadilika. Yamebadilika, kweli. Hakuna profesa wa maana atakayesema leo alichosema Trevor-Roper. Lakini kuna njia nyingine ya kusema kitu, nayo ni idadi ya saa. Hebu tuhesabu. The Great Courses wana kozi ya Misri ya kale ya Bob Brier: mihadhara 48. Wana kozi ya Roma ya kale ya Garrett Fagan: mihadhara 48. Kozi yao ya Kenneth Vickery kuhusu Afrika, kuanzia binadamu wa kale hadi Mandela, ina mihadhara 36. Bara zima, tangu mwanzo wa binadamu, limepewa muda mdogo kuliko nchi yake moja ya kaskazini. Kwenye kozi za historia za Yale nilizozitaja utapata Ugiriki, Ulaya, Ufaransa, Uingereza na Marekani. Kozi ya historia ya Afrika hakuna.

Simlaumu Vickery wala Brier. Kila mmoja alifundisha anachokijua, na wote wanafaa kusikilizwa. Ninachosema ni kwamba ukizimeza kozi hizi zote mfululizo, hakuna mtu atakayekuambia kwamba kwetu hakukutokea kitu. Utajijazia mwenyewe.

Chukua mfano wa Malindi. Kwenye kozi ya kawaida ya historia ya dunia utamsikia Vasco da Gama mwaka 1498. Anazunguka Rasi ya Tumaini Jema, anapanda pwani, anapita Mombasa ambako mambo yanaharibika, anafika Malindi, anapewa rubani, anavuka hadi Calicut. Malindi inachukua sentensi moja. Ni kama kituo cha mafuta njiani.

Sasa simama Malindi, umwangalie akija. Sultani wa Malindi ana ugomvi wa muda mrefu na Mombasa, kwa hiyo mgeni aliyekosana na Mombasa ni mgeni wa kukaribishwa. Bandarini tayari kuna wafanyabiashara kutoka India. Bahari anayotaka kuivuka watu wameivuka kwa karne nyingi. Mwaka 1331, zaidi ya miaka 160 kabla yake, Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa akaandika alichokiona. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga. Na mwezi ambao da Gama anaondoka, Aprili, ndio kusi inaanza kuvuma kuelekea India. Rubani anajua. Wanang'oa nanga tarehe 24 Aprili, na chini ya mwezi mmoja wako India.

Halafu sikiliza kile ambacho mihadhara mingi hukipita haraka: safari ya kurudi. Mwezi wa Oktoba da Gama anaondoka India kabla kaskazi haijakaa sawa. Bahari ile ile aliyoivuka kwa siku ishirini na kitu inamchukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wanakufa kwa kiseyeye. Anaporudi Malindi, Januari 1499, waliobaki hawatoshi kuendesha meli zote, na moja inachomwa moto njiani. Mtu anayesemekana kuwa "aligundua njia" aliweza njia hiyo alipokuwa na mwenyeji anayeujua upepo, na akakaribia kuangamia alipojiamulia. Tarehe ni zile zile, mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali msimulizi aliposimama.

Na usidhani ukiegemea upande wetu uko salama. Utasikia sana kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Uarabuni. Inapendeza, na inarudiwa mno, lakini watafiti walioichunguza habari hiyo kwa makini wengi wanaikataa. Hadithi inayotufurahisha nayo inahitaji kuulizwa maswali.

Kwa hiyo mtu afanye nini na mhadhiri asiyemsikia? Mimi nina taratibu chache, si za kitaalamu.

Kwanza, kabla ya kubonyeza, angalia kozi ilirekodiwa mwaka gani na mhadhiri amebobea katika nini. Dakika mbili zinatosha. Aliyetumia maisha yake kusoma Ufaransa akizungumzia Paris, tulia umsikilize. Akigusia Kongo kwa dakika tano, andika swali.

Pili, liandike swali lenyewe, na dakika uliyoliwaza. Kwenye simu, kwenye risiti, popote. Swali lisiloandikwa haliishi hadi steji ya mwisho.

Tatu, kwa kila tukio kubwa tafuta sauti ya pili inayolitazama kutoka ng'ambo nyingine. Ukimaliza mhadhara wa mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, msikilize mtu anayeuelezea kutoka Kongo. Juzuu za UNESCO zinapatikana bure kwenye intaneti, na kama kusoma kunakuchosha, Zeinab Badawi, mtangazaji mzaliwa wa Sudan, ametengeneza mfululizo wa video unaozitegemea. Mahali sauti mbili zinapopishana ndipo somo lako lilipo.

Nne, weka ramani karibu. Na punguza spidi. Najua kuna raha ya kusema umemaliza kozi nzima wikendi moja kwa spidi ya mbili, lakini jiulize Jumatatu umebaki na nini.

Kuna jambo lingine ambalo si la msikilizaji peke yake. Mazrui alifariki mwaka 2014, Ogot mwaka 2025. Mazrui ametuachia filamu na mihadhara ya kutosha. Kuhusu walimu wengi wa historia waliofundisha Nairobi, Makerere na Dar es Salaam kwa miaka 30 au 40, kozi zao ziliishia kwenye madaftari ya wanafunzi, na madaftari yaliishia kufungia maandazi. Kamera ya Yale ilikuwa imewekwa tu nyuma ya darasa la kawaida. Simu iliyo mfukoni mwako leo inaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Kama uko chuoni na una mhadhiri anayewafanya msahau chakula cha mchana, mwombe ruhusa, rekodi muhula mzima, mpe yeye nakala ya kwanza, mkubaliane ipelekwe wapi.

Na kama huko chuoni, bado una mtu. Kuna nyanya fulani anayekumbuka hali ya hatari ya 1952 kutoka ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki. Kuna mzee aliyefanya kazi bandarini Kilindini meli zilipokuwa zikipakuliwa kwa mabega. Kaa naye, weka simu mezani, anza na jambo dogo kama bei ya mkate. Usipoelewa, mkatize kwa adabu umuulize tena. Huyu bado anakusikia.