Mshairi katika Dola Bora: Plato na Aristotle

Wahakiki wengi hulitafuta jibu la Aristotle kwa Plato katika Poetics pekee. Kwa maoni yetu, jibu hilo linaanzia katika Politics, kitabu cha pili. Plato, katika Republic, aliitaka dola iwe kama mwili mmoja: walinzi washiriki mali, wake na watoto; nao washairi wafukuzwe, zisalie tenzi za miungu na sifa za watu wema tu. (Sifa, bila shaka, ndizo zisizomsumbua mtawala.) Aristotle alishikilia kwamba dola ni wingi wa watu wasiofanana; ikizidishiwa umoja, hukoma kuwa dola. Katika wingi huo hisia nazo zina nafasi. Katika kitabu cha nane, akijadili muziki, analitaja neno katharsisi na kuahidi kulifafanua atakapozungumzia ushairi.