Mwaka wa Kwanza Chuoni: Kuuliza Mapema ni Hekima, Wala si Aibu

Ifikapo miezi ya Oktoba na Novemba kila mwaka, parokia zetu huwaaga vijana wanaokwenda kuanza elimu ya juu. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo huwaombea, wazazi huuza mazao au mifugo ili kutimiza ada, na ndugu huchangia nauli. Kijana huondoka akiwa fahari ya ukoo mzima. Heshima hiyo ni njema, lakini yaweza pia kuwa mzigo. Masomo yanapomwelemea, huona haya kuwaambia waliomsindikiza kwa vigelegele kwamba hali si shwari. Hunyamaza, na ukimya huo humdhuru kuliko ugumu wa somo lenyewe.

Katika makala haya tunaeleza yale yanayobadilika kijana aingiapo chuoni, mahali anapoweza kupata msaada, na wajibu wa familia na parokia iliyomtuma.

Masomo ya chuo yanavyotofautiana na ya sekondari

Katika Kidato cha Tano na cha Sita, mwanafunzi husoma mchepuo wa masomo matatu. Kengele humwamsha, mwalimu wa zamu humsimamia, na asipofika darasani huulizwa. Chuoni hakuna kengele. Mhadhara waweza kuwa na mamia ya wanafunzi, na mhadhiri asitambue nani hayupo.

Tofauti kubwa zaidi imo katika saa za kusoma. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu hudai krediti zisizopungua 360. Somo lenye krediti 12, basi, ni kazi ya saa 120. Likiwa na mihadhara na semina za saa tatu kwa wiki, kwa wiki 15, saa za darasani ni 45 tu. Saa 75 zilizosalia ni za mwanafunzi mwenyewe: kusoma vitabu, kufanya mazoezi na kujadiliana na wenzake. Anayedhani kwamba ratiba yenye nafasi nyingi ni ratiba nyepesi hugundua ukweli wiki ya mitihani, wakati umekwisha kupita.

Katika vyuo vingi, kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho alama 60. Jaribio la wiki ya sita, ambalo wengi hulidharau, kwa hiyo ni sehemu ya matokeo ya mwisho. Aidha, wastani wa ufaulu, ambao wanafunzi huuita GPA, kwa kawaida hujengwa tangu mwaka wa kwanza. Anayeshindwa somo hurudia mtihani, maarufu kwa jina la "sapu". Anayeshuka chini ya kiwango kilichowekwa na chuo huondolewa masomoni, jambo ambalo wanafunzi huliita "kudisko". Ni vema kila mwanafunzi asome kanuni za mitihani za chuo chake katika wiki ya kwanza, kwani viwango hutofautiana.

Tunawashauri vijana wetu wajipangie saa za kusoma kwa kila somo kila wiki, wapitie mada kabla ya mhadhara, na waunde kikundi kidogo cha majadiliano. "Madesa" yanayorithiwa kutoka kwa waliotangulia husaidia kurejea, lakini hayawezi kuchukua nafasi ya kitabu. Vivyo hivyo akili mnemba: kumwandikia mwanafunzi kazi nzima, kisha yeye akaiwasilisha kama yake, ni udanganyifu mbele ya chuo na mbele ya dhamiri.

Mahali pa kupata msaada

Mwinjili Luka anatusimulia kwamba Yesu, akiwa na umri wa miaka 12, alikutwa hekaluni akiwa ameketi kati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Ikiwa Bwana wetu hakuona haya kuuliza, mwanafunzi wake asione haya pia. Milango ya kubisha ni hii:

*Mhadhiri wa somo na mshauri wa masomo.* Wahadhiri wengi hutenga saa za kuonana na wanafunzi. Nenda na swali mahususi: mahali ulipokwama, na ulichojaribu kufanya.

*Maktaba.* Wakutubi hufundisha namna ya kutafuta vitabu na majarida, na namna ya kutaja vyanzo ili kuepuka wizi wa maandishi.

*Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi.* Hushughulikia malazi, ushauri nasaha na matatizo ya kifamilia yanayovuruga masomo.

*Afisa mikopo wa chuo.* Fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, yaani "bumu", zikichelewa au jina likikosekana, huyu ndiye wa kuonwa kwanza. Usikope kwa riba kabla ya kumwona.

*Kituo cha afya.* Ukiugua karibu na mitihani, pata cheti cha daktari na uombe kwa maandishi kuahirisha mtihani kabla haujafanyika. Kuanguka mtihani kwanza na kueleza ugonjwa baadaye kwa kawaida hakusaidii.

*Dawati la Jinsia.* Mtu yeyote anayedai penzi ili atoe alama anatenda kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Taarifa hutolewa pia TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo. Anayeombwa rushwa hiyo hana hatia, na hapaswi kuibeba siri hiyo peke yake.

Kanisa lipo chuoni

Utunzaji wa kiroho wa wanafunzi ni wajibu ambao Kanisa limejiwekea kisheria. Kanuni ya 813 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamtaka askofu wa jimbo awe na uangalizi wa kichungaji wa kina kwa wanafunzi, hata kwa kuwaundia parokia au kuwateulia mapadre wa kudumu. Tena inataka kuwe na vituo vya Kikatoliki katika vyuo vikuu, vikiwemo visivyo vya Kikatoliki.

Hapa kwetu, wanafunzi Wakatoliki wa vyuo hukusanyika katika TMCS, wakiwa na padre mlezi, jumuiya, kwaya na mafungo. Humo kijana mgeni hukutana na wa mwaka wa pili na wa tatu wanaojua njia. Kitubio na mazungumzo ya kiroho humpa nafasi ya kusema yale asiyoweza kuyasema nyumbani. Hata hivyo, mazoezi ya kwaya au uongozi wa jumuiya visile saa za masomo: kusoma kwa bidii ndiyo kazi aliyokabidhiwa kwa sasa, na kuitimiza ni sehemu ya utakatifu wake.

Mtakatifu John Henry Newman, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 13 Oktoba 2019, alijiunga na Trinity College, Oxford, akiwa bado kijana mdogo. Mwaka 1820, akiwa amechoshwa na kusoma kupita kiasi, alifanya vibaya katika mitihani yake ya mwisho, kinyume cha matarajio ya wote. Hakuachwa na marafiki, wala hakukata tamaa: mwaka 1822 alichaguliwa kuwa mwanachuoni wa Oriel College, na baadaye akawa mmoja wa waandishi wakubwa wa Kanisa kuhusu elimu ya chuo kikuu.

Wajibu wa familia na parokia

Parokia impatie kila kijana barua ya utambulisho kwa padre mlezi wa chuo, na katekista au kiongozi wa vijana ampigie simu kabla muhula haujafika katikati. Wazazi na walezi wasiulize matokeo tu. Waulize pia kama amekula, kama analala, na kama ana rafiki wa kusali naye. Na ikitokea amerudi nyumbani akiwa ameanguka, apokelewe kama mwana, kisha watafute pamoja njia iliyobaki: kurudia mwaka, kubadili kozi, au kujiunga na chuo cha ufundi. Kuna njia za kurudi masomoni. Kijana aliyekata tamaa akiogopa nyumbani kwao ni vigumu zaidi kumrudisha.

Nanyi vijana wetu, msisubiri maji yafike shingoni ndipo mwite. Bisheni hodi wiki hii. Mama Maria, Kikao cha Hekima, awaombee.

Tumsifu Yesu Kristo!